Kandambili za Getini

Fundi viatu alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Kazi yenyewe inataka hivyo, lakini hata siku za mapumziko, akiwa na shati safi na hana sindano mkononi, bado alitembea akitazama chini kama aliyedondosha ufunguo. Watu wa mtaani kwake aliwajua kwa miguu. Ukimsalimu kibandani, alijibu kwanza, kisha akatazama viatu vyako, ndipo akajua amemjibu nani. Mkewe alikuwa na mzaha wake wa siku zote: "Huyu alichumbia viatu vyangu. Uso aliuona siku ya harusi."

Kibanda kilikuwa kwenye kona ya mtaa wa maduka, kati ya kinyozi na muuza vyombo vya plastiki. Ndani mlikuwa na benchi moja, meza fupi, chuma cha kugongea chenye umbo la mguu, makopo ya gundi, na rafu ya viatu ambavyo wenyewe walishavisahau. Kelele za kinyozi na redio yake zilitosha mtaa mzima. Fundi hakuona haja ya kuongeza zake. Mteja akilalamika, alichukua kiatu akairudia kazi. Mteja akisifu, alikohoa. Si kwamba hakuwa na maneno. Mkewe anaapa yalikuwepo, tena mazuri, ila yalichelewa kutoka, na mwenye kuyangoja alichoka akaenda zake.

Ndivyo alivyokwenda mwanawe.

Kijana alikaa kwenye benchi lile tangu amalize shule, akijifunza kazi. Mikono yake ilikuwa mizuri. Shida ilikuwa miguu: mirefu, haikuenea chini ya meza, na kila alipogeuka goti lilipiga kopo la gundi likamwagika. Asubuhi moja, mbele ya wateja wawili na kinyozi aliyekuja kuazima mkasi, alisimama akasema, "Baba, mimi siwezi. Siwezi kumaliza maisha yangu nikitazama nyayo za watu. Nimepata kazi ya kubeba mizigo kule kwenye hifadhi ya mlimani. Kesho naondoka."

Fundi alikuwa na uzi kinywani. Aliushika kwa meno, akavuta, akafunga fundo. Alikuwa anatafuta la kusema. Alitaka kumuuliza kama anajua baridi ya huko, kama ana viatu vya kupandia, kama mama yake ameambiwa. Mengi yalikuja kwa pamoja, yakabanana. Alipokata uzi na kuinua kichwa, kijana hakuwepo, na kinyozi alikuwa anamtazama kwa jicho la kulaumu.

"Fundi, ndiyo umemfukuza mtoto hivyo?"

"Sijamfukuza," alisema Fundi. Lakini aliyekuwa anaambiwa hapo ni kinyozi.

Miaka miwili ikapita. Kijana alimpigia mama yake simu kila alipopata mtandao, na mama ndiye aliyekuwa daraja. Huku alisema, "Mwanao anakusalimia sana." Kule alisema, "Baba yako anakuulizia kila siku." Salamu zote alizitunga mwenyewe, na wote wawili walijua anazitunga, wakazipokea hivyo hivyo. Mpaka magoti yake yalipoanza kuvimba, akawa hawezi hata kwenda sokoni, ndipo alipochoka kuwa daraja. Jioni moja alimtupia mumewe sweta alilofuma kwa mkono, la kijivu, mikono yake mirefu kama suruali.

"Baba watoto, nenda kamwone mwanao. Mimi magoti haya hayanifikishi. Mpe hilo sweta, umwambie na neno. Neno moja tu, hata liwe la kumgombeza. Ukirudi hapa hujasema kitu, utalala kibandani na viatu vyako."

"Nitamwambia nini?"

"Wewe ndiye baba. Mimi nikuandikie?"

Basi Fundi alifunga safari. Alivaa shati safi, akatia sweta kwenye begi, na juu ya sweta akatia vifaa vyake: sindano nene, uzi wa nta, kisu, nyundo ndogo, kopo la gundi na vipande vya ngozi na mpira. Hakuwa na kazi navyo huko. Alivichukua tu kwa sababu mikono yake ilipokosa cha kushika, mwili mzima ulikosa raha. Alipanda basi mpaka lami ilipoishia, akalala kwenye nyumba ya wageni yenye godoro moja, na kesho yake akapata nafasi kwenye lori lililokuwa linapeleka unga na mafuta ya taa hifadhini. Njia ilikuwa inapanda tu. Mashamba yakaisha, nyumba zikaisha, ikabaki miti iliyoota ndevu za kijani, kisha ukungu, na baridi ikaanza kumpapasa Fundi shingoni kama mkono wa mtu.

Geti la hifadhi lilikuwa boriti moja ya chuma iliyopakwa rangi ya kijani, na kando yake ubao mkubwa uliochorwa mlima wenye kilele cheupe. Nyuma ya ubao hakukuwa na kitu ila ukungu.

"Mlima wenyewe uko wapi?" Fundi alimuuliza dereva wa lori.

"Uko hapo, mzee, umekuegemea. Mimi nina mwezi mzima sijauona, lakini mshahara naupata, kwa hiyo naamini upo."

Askari wa geti alikuwa mtu mnene, amevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo mzee. Unapanda, au unamtafuta mtu?"

"Marahaba. Namtafuta mwanangu." Akataja jina la kijana. Askari akakunja uso. Jina lile hakulijua. Fundi akainua mkono juu ya kichwa chake kuonyesha urefu.

"Aa! Miguu inaanzia kwapani? Huyo ni Ngazi! Jina la nyumbani nani analijua hapa?" Askari akamtazama Fundi kutoka juu mpaka chini, safari isiyokuwa ndefu. "Na wewe ndiye baba Ngazi? Mbona umezaa mnara, mzee, na wewe mwenyewe ni kibanda?"

Wapagazi waliokuwa wanaota moto wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, akitazama chini.

"Yuko juu na msafara. Wanashuka leo kabla hatujafunga geti. Nenda kwa Mama Chai hapo nyuma, upate moto."

Sasa, pale getini kulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote. Wageni waliandikishwa wakiingia na wakitoka. Wapagazi hawakuandikishwa, walikuwa wengi na walichukuliwa kwa kuitwa tu, wewe na wewe na wewe. Lakini kila mpagazi alifika getini na kandambili za mpira, na hapo ndipo alipovaa buti. Kwenye ukuta wa kibanda cha askari kulikuwa na ubao wenye misumari, kila mmoja na msumari wake, na kandambili zake akaziacha zikining'inia. Akishuka, jambo la kwanza, kabla ya maji na kabla ya salamu, alivua buti akavaa kandambili, maana baada ya mlima ule hakuna anayevumilia buti. Kwa hiyo askari hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Kandambili zipo, mwenyewe yuko juu. Msumari mtupu, mwenyewe keshashuka. Wakati wa kufunga geti aliumulika ubao kwa tochi, na kama kuna jozi imebaki, hakuna aliyelala mpaka mwenyewe apatikane. Watu wa pale walilijua hilo kama wanavyojua kupumua, na ndiyo sababu hakuna aliyefikiria kumwambia mgeni.

Fundi aliona ubao, akaona ni mahali pa kuwekea viatu. Na mbele ya viatu yeye hakuwa na aibu. Alisimama akavisoma kimoja kimoja: huyu mzito, huyu anaburuta, huyu ana kidole kibaya. Alipofika mwisho wa mstari, akainama karibu. Zilikuwa kandambili za buluu, kubwa, kisigino cha kulia kimeliwa upande wa nje. Tangu anajifunza kutembea, mwanawe alikanyaga hivyo, upande wa nje. Kisigino kile kilikuwa kimekwisha mpaka kimetoboka, na mkanda wa kushoto ulikuwa umekatika ukafungwa kwa waya.

Waya! Mtoto wa fundi viatu!

Alihisi uso wake unawaka, kama vile ubao mzima unamcheka. Alitaka kumwambia askari, nazichukua hizi nikazitengeneze. Alikwenda, akakuta askari amezingirwa na wageni wanaobishana juu ya mabegi. Akarudi. Akaenda tena, sasa askari alikuwa anapiga simu. Akaona, aa, kwani ni za nani? Za mwanangu. Nitazirudisha kabla hajafika. Akazitoa msumarini, akazitia kwapani, akaenda nyuma kwa Mama Chai.

Mama Chai alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye jiko la kuni, sufuria kubwa na benchi mbili chini ya bati. Alimpa Fundi chai na kipande cha mkate, akamwacha pembeni ya moto, akaendelea na kazi zake bila kumtazama tena. Fundi akatoa vifaa. Aliufungua ule waya akautupa mbali kwa hasira, akakata ngozi, akaipitisha tunduni, akaishona kwa uzi wa nta mara mbili. Kisigino alikikata chote kilichooza akatia mpira mpya, akaipasha gundi motoni ishike vizuri. Tangu aondoke nyumbani, hapo ndipo alipopata raha. Na kadiri mikono ilivyofanya kazi, maneno nayo yakaanza kujipanga. Mwanangu, mama yako hajambo ila magoti. Hapana. Mwanangu, nimekuletea sweta. Hapana, hilo ni la mama yake. Mwanangu, siku ile sikukasirika. Naam. Hilo angeweza kulisema. Angempa kandambili mkononi, kijana angeinama kuzitazama, na wakati ameinama yeye angelisema haraka haraka.

Alipomaliza hakuzirudisha msumarini. Alizifunga ndani ya sweta, akaziweka begini, akangoja.

Mvua ikaanza. Wapagazi wakawa wanashuka mmoja mmoja, wamelowa, mabegani mizigo imefunikwa kwa plastiki. Kila aliyefika, Fundi aliinua macho mpaka magotini, akaona si mirefu ya kutosha, akayashusha. Kiongozi wa msafara alifika wa mwisho na wageni wake, na kabla hajatua begi lake aliuliza:

"Ngazi kafika? Nilimrudisha kambini akachukue vyuma vya hema tulivyosahau. Alisema atakata kwa njia ya miamba atutangulie."

Askari akaumulika ubao. "Msumari mtupu. Keshapita huyo."

"Kapita na vyuma vyangu?"

"Utavipata kesho. Leo ana sababu ya kukimbia." Askari akacheka. "Baba yake yuko hapo nyuma kwa Mama Chai."

"Yule aliyemnunia? Yule wa viatu? Basi kamwona akapitia uani. Hatumwoni tena mpaka mzee aondoke!"

Mvua ilikuwa inapiga bati, na Fundi, nyuma ya ukuta ule, hakusikia habari ya msumari. Alisikia ya mwisho tu. Kamwona. Kapitia uani. Hatumwoni mpaka mzee aondoke. Hakushangaa sana, hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakushangaa. Alikaa akitazama buti za watu zikipita kwenye matope, akawaza atamwambia nini mkewe.

Boriti ya geti ikashushwa. Mama Chai alikuja kukusanya vikombe, akamwona alivyojikunja.

"Umesikia maneno ya hawa wajinga? Usiyatie moyoni, baba Ngazi. Kijana wako ana heshima. Atakuja kesho asubuhi, utaona."

"Labda hakuniona," alisema Fundi kwa sauti ya chini. "Labda bado yuko njiani."

"Njiani wapi? Hapa hatubahatishi. Mtu akiwa juu, kandambili zake zinaning'inia pale ukutani. Akishuka anazivaa. Wa kwako msumari wake mtupu, kwa hiyo yuko chini huku, mahali fulani, anaota moto. Ondoa wasiwasi."

Mkono wa Fundi ulikuwa juu ya begi. Kwa muda haukusogea. Kisha uliingia ndani polepole, ukapapasa sufu ya sweta, na ndani ya sufu ukakuta mpira.

Alinyanyuka bila kuaga, akatoka kwenye mvua, akakimbia mpaka kibanda cha askari, na hapo mlangoni, kama kawaida yake, akakwama. Ndani walikuwa wanne au watano, askari, kiongozi wa msafara, wapagazi, wamezunguka jiko. Wote wakamgeukia. Fundi akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akanyoosha mikono na kuzionyesha zile kandambili.

Askari alizitazama, akazipokea, akazigeuza. "Loo! Mzee kumbe fundi kweli! Tazameni mshono huu. Na zangu utanishonea kwa bei gani?"

"Ameshaanza biashara!" mpagazi mmoja akasema. "Ngoja na mimi nilete buti."

"Kisigino hiki kitamzika mwenyewe."

Wakacheka. Wakati huo wote giza lilikuwa linashuka mlimani na mvua inageuka kuwa barafu huko juu, na Fundi alikuwa amesimama na jambo moja kinywani, dogo, maneno mawili, na vicheko vinapita mbele yake kama wateja. Akaona tena uzi, na benchi, na mlango mtupu.

"Hajashuka!" alipiga kelele. Sauti ilikuwa kali, hata yeye aliishtukia. "Ni za kwake hizo! Za mwanangu! Nilizitoa mimi, mchana, kuzitengeneza. Hajashuka! Yuko juu!"

Kandambili moja ilimdondoka askari mkononi.

"Mzee," alisema taratibu, "ulizitoa msumarini?"

"Sikujua."

Kiongozi wa msafara alikuwa ameshasimama, uso umemshuka. "Njia ya miamba," alisema. "Na mvua hii. Nimemtuma mimi." Kisha akamgeukia Fundi na hofu yake yote ikatokea kama hasira. "Umetuulia mtu, mzee! Kwa ajili ya kandambili! Umetuulia mtu!"

"Nyamaza," askari akamwambia. "Ya kuulizana tutaulizana baadaye. Chukueni taa, kamba, na ile machela. Nani ana nguvu za kurudi?"

Walikuwa wametoka kushuka muda si mrefu, wengine walikuwa wameshavua buti. Walizivaa tena bila neno. Fundi naye alitaka kwenda. Askari akamshika bega akamwambia atakuwa mzigo wa pili. Kwa hiyo Fundi alimpa mpagazi wa mwisho lile sweta la kijivu. "Mvalisheni. La mama yake." Kisha akaokota kandambili chini, akazifuta matope kwa shati lake safi, akazirudisha kwenye msumari mahali zilipokuwa. Alijua haisaidii kitu. Alizinyoosha zikae sawa.

Usiku ule hatuwezi kuusimulia sana, maana hata mwenyewe hakuukumbuka. Mama Chai alikaa naye. Alimletea chai ikapoa, akaibadilisha ikapoa tena.

Kulipokucha ukungu ulikuwa umeondoka, na mlima ulikuwa pale. Fundi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu afike, akauona wote, mkubwa kupita ulivyochorwa, mweupe juu, umekaa kimya kama haukufanya lolote. Na katikati ya miti, kwenye njia, akaona kofia za watu wanaotembea polepole, wamebeba.

Hakutazama uso. Alitazama mwisho wa machela. Miguu ilikuwa imetokeza, mirefu, haikuenea humo pia. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa vyuma vya hema na kamba, kutoka gotini mpaka chini. Mwingine ulikuwa umekunjwa kidogo, nao ulitikisika, si kwa mwendo wa wabebaji, bali wenyewe.

"Yu hai," kiongozi wa msafara alisema alipomfikia. Sauti ilikuwa imemkauka. "Aliteleza akaingia korongoni. Mguu umevunjika. Vyuma alijifunga mwenyewe. Vidole vya mguu ule siipendi rangi yake, daktari atasema." Akasita. "Mzee, jana nilisema vibaya."

"Ulisema kweli," Fundi akajibu.

Wakaiweka machela kwenye benchi la Mama Chai, kungoja gari la hospitali liwashwe. Kijana alikuwa amevaa sweta, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Alimtafuta baba yake kwa macho akampata.

"Baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wameniambia umekuja." Alipumua, akapumzika, akaendelea. Maneno yalimjia yenyewe, kama mtu mwenye homa. "Mwanzoni sikuogopa. Nilijiambia, afande akifunga geti atamulika ubao. Ataona kandambili zangu, watakuja. Nilipiga hesabu za mwendo wao, sasa wanatoka, sasa wamefika darajani. Nikawangoja. Baadaye nikaona mbona wamechelewa. Nikadhani labda wamenisahau. Hapo ndipo nilipoogopa, baba."

Hakuna aliyemwambia. Wapagazi wakatazama pembeni. Askari, nyuma ya machela, alimkazia Fundi macho akatikisa kichwa kidogo: acha. Na ingewezekana kuacha. Kunyamaza ilikuwa kazi aliyoijua kuliko zote.

Fundi alichuchumaa mpaka uso wake ukawa karibu na wa kijana.

"Hawakukusahau. Mimi ndiye niliyezitoa. Nilikuta zina waya, nikazichukua kuzishona. Askari akaona msumari mtupu, wakadhani umeshuka. Nimekuchelewesha mimi."

Kijana alimtazama. Alinyamaza. Ule unyamavu ukawa mrefu, Mama Chai akaacha kukoroga sufuria, na Fundi akajua sasa mtu anajisikiaje akiwa upande wa pili, anayengoja.

"Kwa ajili ya waya," kijana alisema hatimaye.

"Kwa ajili ya waya."

"Si ungeuliza tu, baba? Ungemuuliza afande."

"Alikuwa na watu."

Kijana alifumba macho. Kitu kama kicheko kilimtikisa kifua, kikamuumiza mguu, akakunja uso. Fundi aliona kwamba asipomaliza kusema sasa, hatamaliza tena.

"Na siku ile kibandani," alisema haraka haraka, kama alivyopanga, "sikukasirika. Nilikuwa na uzi kinywani."

"Miaka miwili, baba? Uzi?"

Fundi alimshika mkono, akaukuta wa baridi bado, akaufunika kwa mikono yake yote miwili. Kijana hakuutoa. Lakini hakusema amesamehe pia, wala Fundi hakumsikia akilisema hata baadaye.

Gari likaja kinyumenyume mpaka benchini. Askari akazileta zile kandambili. Kijana alizipokea, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kwenye kisigino kipya, kwa jicho la mtu aliyekaa benchi lile na anayejua kazi. "Nivalishe huu mzima," alisema. Fundi akamvalisha. Mguu uliingia, mkanda ukakaa mahali pake.

"Na hii nyingine, Ngazi?" askari akauliza. "Tuitie kwenye begi la mzee?"

Kijana alitazama mlima, kisha mguu wake uliofungwa. "Irudisheni msumarini," alisema. "Nitaifuata."

Wote walikuwa wameviona vile vidole. Fundi alikuwa na la kusema, na safari hii halikukwama; lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Rudi nyumbani. Meza nitainua miguu yake, hutapiga goti tena. Mama yako hawezi kufika sokoni. Akamtazama kijana usoni, na alivyouona ule uso ukitazama juu, akalimeza kwa kutaka mwenyewe.

Alichukua ile kandambili moja akaenda nayo kwenye ubao. Msumari ulikuwa umelegea, ulicheza alipoining'iniza. Aliishusha kandambili, akafungua begi akatoa nyundo ndogo, akaugonga mpaka ukakaza. Akaujaribu kwa kidole. Ndipo akaitundika, akairekebisha isipepesuke na upepo, akakimbilia gari lililokuwa linamngoja na mlango wazi.